Sindano Moja Badala ya Tatu



Mgonjwa aliyelazwa na kuchomwa sindano kila baada ya saa nane huuliza: je, dawa hii haiwezi kutolewa mara moja tu kwa siku? Jibu ni kwamba baadhi ya dawa zaweza, na nyingine haziwezi.

Tuchukue jentamisini. Kwa miaka mingi dawa hii ya kuua bakteria ilitolewa mara tatu kwa siku. Baadaye wataalamu walibaini kuwa huua kwa nguvu zaidi inapokuwa nyingi katika damu kwa wakati mmoja, na hata ikipungua, bakteria waliosalia hukaa saa kadhaa bila kuongezeka. Tena figo, ambazo dawa hii huweza kuzidhuru, hupata nafuu kabla ya dozi nyingine.

Mwaka 1995 madaktari wa hospitali ya Hartford, Marekani, walitoa taarifa ya wagonjwa 2,184 waliopewa dawa za kundi hili kwa dozi moja kubwa, wengi wao kila baada ya saa 24. Walioonekana kudhurika figo walikuwa 27, yaani kama mmoja katika kila 80.

Na gharama je? Fanya hesabu. Kwa siku 7, sindano tatu kila siku ni 21. Moja kila siku ni 7. Hata kama kiasi cha dawa kwa siku ni kilekile, yameokolewa mabomba 14, na muuguzi amepata wasaa wa kumhudumia mgonjwa mwingine.

Lakini penisilini ya kristali si hivyo. Nusu yake hutoka katika damu kwa muda wa kama nusu saa, nayo hufanya kazi kwa kudumu mwilini, si kwa wingi wa mara moja. Ikicheleweshwa, bakteria huinuka tena.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kupunguza dozi ni kazi ya mwenye elimu yake. Usiruke dozi wala usiunganishe vidonge vya kutwa mara tatu ukavimeza kwa pamoja, hata kwa ajili ya saumu. Mwambie daktari kuwa unafunga. Huenda ipo dawa ya mara moja au mbili. Isipokuwepo, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.