Tumbaku Ina Mkataba, Embe Lina Msimu

Maembe yakikolea Igalula, wilayani Uyui, bei hushuka mpaka mwenye mti haoni haja ya kuwakemea watoto wanaoupopoa. Yanayookotwa huliwa, machache hupelekwa Tabora mjini au kuuzwa kwa mafungu, na mengine huozea pale pale chini. Nyumba hiyo hiyo yenye miembe huenda inalima tumbaku, na huko hesabu ni nyingine kabisa: chama cha msingi kinaleta pembejeo kwa mkopo, kampuni inasaini mkataba kabla ya kupanda, na siku ya soko kila mtumba una daraja na bei yake. Kwa embe hakuna anayeulizia mapema.

Hata hivyo, mwembe una historia ya biashara hapa. Asili yake ni Asia ya Kusini. Ulifika pwani kwa njia ya bahari, kisha ukaingia bara na misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora, na Ujiji. Tura na Kigwa, vituo walivyovitaja wasafiri wa karne ya 19, leo ni kata za Uyui. Mwembe wa kokwa huweza kuishi zaidi ya miaka 100 bila mbolea wala dawa. Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 ikapita Igalula, na kituo kipo hadi leo. Kwa hiyo mti upo na njia ipo; kilichokosekana ni mnunuzi.

Hali ya hewa nayo inasaidia na kuponza. Mwembe huchanua vizuri ukipata kiangazi cha kweli, kwa sababu mvua ikinyesha juu ya maua huleta ugonjwa wa chule. Tabora haina mvua ya maana kuanzia Mei hadi Oktoba, na kwa hilo inaishinda pwani yenye unyevu. Lakini tunda linaiva mvua zinapoanza. Barabara zinageuka tope, kuanika kwenye mkeka hakuwezekani, na inzi wa matunda wanazaliana. Inzi wa Kiasia aliyegunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003 hutaga mayai ndani ya embe, na mnunuzi wa nje akiona funza mmoja hukataa shehena nzima. Kenya ililazimika kusimamisha mauzo yake Ulaya mwaka 2014 kwa sababu hiyo. Dawa peke yake haitoshi: yaliyoanguka lazima yafukiwe kila siku, na mitego itundikwe na kijiji kizima, kwani inzi hajui mpaka wa shamba.

Halafu kuna ubora. Embe la kienyeji ni tamu, ila ni dogo na lina nyuzi. Soko la mijini linataka dodo, bolibo au aina za kisasa kama Kent na Keitt. Ushauri unaosikika mara nyingi ni kuanzisha mashamba mapya kwa nafasi ya mita 10 kwa 10, yaani miti kama 40 kwa ekari. Mimi ningeanza na mizee iliyopo. Mti wa zamani hukatwa matawi, machipukizi yakitoka hubebeshwa vikonyo vya aina bora, na kwa kuwa mizizi imeshazama, matunda hupatikana mapema kuliko kwa mche unaoanzia chini. Isikatwe yote kwa mkupuo, lakini. Desemba na Januari ni miezi ya ghala tupu, na embe ndilo linaloshibisha watoto.

Usafiri ndio unaokula faida. Zaidi ya asilimia 80 ya nyama ya embe ni maji, na kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Anayepeleka maembe mabichi analipia nauli ya maji. Yakaushwe huku huku, kwenye makaushio ya sola yenye paa, mzigo upungue kabla ya kufika kituoni. Kazi hiyo ingeweza kusimamiwa na vyama vya msingi vya tumbaku, kwani vinajua tayari kupima, kupanga madaraja na kumlipa mkulima kwa jina lake. Na soko la tumbaku huwa limeshafungwa embe linapoiva.