Kusi likivuma Rubondo, sangara anabadili namba

WAPENZI wa soka wa Geita na Shinyanga wanaijua njia ya kwenda Nyankumbu na Kambarage hata wakiwa usingizini. Wachache wanaijua ile inayoishia Ziwa Victoria, upande wa Chato, ambako kuna mchezo usio na refa wala dakika za nyongeza: uvuvi wa sangara kwa fimbo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo.

Nyavu huko ni marufuku, maana maji ya hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1977, ni mazalia ya samaki. Ruksa ni fimbo na ndoano, tena kwa kibali.

Twende kwenye mbinu. Miezi ya joto, kilindi cha ziwa hupungukiwa oksijeni, na sangara, ambaye hana ujanja bila hewa hiyo, hubanwa juu na kandokando. Kuanzia Juni hadi Agosti mambo yanageuka. Upepo wa kusi unapoza maji ya juu, yanakuwa mazito, yanazama na kuchanganyika na ya chini. Hapo sangara ameachiwa uwanja mzima. Anashuka, anatawanyika, na aliyezoea kumkuta kwenye miamba atakokota chambo bandia nyuma ya boti kutwa nzima bila kuguswa. Straika aliyeshamtoroka beki hatafutwi pale alipokuwa dakika ya kwanza.

Dawa ni kuzamisha chambo zaidi na kwenda taratibu, asubuhi mapema, kabla upepo haujakaza. Mchana mawimbi si ya utani. Koti la kuokolea maisha si pambo.

Akinasa, ndiyo mechi yenyewe. Sangara anaweza kuvuka kilo 100, na huruka akitikisa kichwa ili ateme ndoano. Mwenye pupa anakatikiwa mshipi. Ila kumvuta haraka kutoka kilindini kuna ubaya: bondo, kifuko chake cha hewa, hufura, na akirudishwa anaelea tumbo juu.

Bondo hilohilo, likikaushwa, linauzwa ghali hadi China. Ni dhahabu nyingine ya Geita. Kanuni inamlinda sangara mdogo, wa chini ya sentimeta 50. Jike kubwa lenye mayai mamilioni, likivuka mpaka wa hifadhi, linasubiriwa na migonzo usiku kucha.

Kwa hiyo boti ya Rubondo haichelewi. Picha moja, kipimo kimoja, kisha mkono unalishika mdomo ndani ya maji mpaka lipige mkia.