Mdomo kwa Sikio: Kuunganisha Terminali na Minikompyuta ya Kale

Utangulizi
Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, katika bahari ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ikaitwa Uhuru. Roketi ilisimama kwenye jukwaa moja; waliotoa amri walikaa kwenye jukwaa jingine, Santa Rita, na baina yao zilipita nyaya chini ya maji. Mwaka uo huo, kampuni ya Digital Equipment ya Marekani ilitoa minikompyuta ya PDP-11. Makala haya yanafafanua jinsi binadamu alivyozungumza na mtambo wa aina hiyo kwa njia ya waya.

Konsoli ni nini?
Minikompyuta haikuwa na kioo wala kibodi yake yenyewe. Mwendeshaji alitumia terminali, yaani chombo cha kuandikia na kusomea. Terminali iliyopewa mamlaka ya kuuamuru mtambo ndiyo konsoli. Mwanzoni ilikuwa teletaipu iliyochapa karatasini; baadaye zikaja za kioo, kama VT100 ya mwaka 1978.

Masharti ya mazungumzo
Sharti la kwanza ni aina ya umeme. Teletaipu ya Model 33 hutumia mkondo wa miliampia 20, ilhali kiwango cha RS-232 hutambua ishara kwa volti. Viwili hivi haviunganishwi moja kwa moja; huhitaji kigeuzi baina yao, la sivyo saketi huweza kuungua.

Sharti la pili ni mdomo kuelekea sikio. Katika plagi ya RS-232 yenye pini 25, terminali husema kwa pini ya 2 na kusikia kwa pini ya 3; pini ya 7 ni msingi wa pamoja. Iwapo kompyuta nayo imepangwa hivyo hivyo, nyaya za 2 na 3 hupishanishwa. Zisipopishanishwa, wote wawili husema na hakuna asikiaye.

Sharti la tatu ni mwendo mmoja. Teletaipu hupeleka biti 110 kwa sekunde. Kila herufi huchukua biti 11: moja ya kufungulia, nane za herufi yenyewe, na mbili za kufungia. Hivyo hupatikana herufi 10 kwa sekunde. Kasi zikitofautiana, herufi hufika zikiwa zimevurugika. Kwa hiyo, ukimya humwelekeza fundi kwenye nyaya. Maneno yasiyosomeka humwelekeza kwenye kasi.

Hitimisho
Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba maarifa haya. Maneno terminali na konsoli ni wageni, lakini yamekwisha kupokea ngeli na viambishi kama wenyeji. Mwaka 1970 jina la Kiswahili lilipaa kutoka pwani ya Malindi, lakini jina si maelezo. Kazi ya kueleza ingali mikononi mwa wanafunzi na wahadhiri wa lugha hii.