Maktaba Haifi kwa Moto Peke Yake



Kutoka Uriri, kati ya Awendo na mji wa Migori, safari ya kwenda Lamu humvusha mtu Kenya nzima, kutoka pande za ziwa hadi baharini. Hata hivyo, Mwislamu wa Uriri aliyerithi kitabu cha babu yake ana la kujifunza kwa watu wa Lamu, na kabla yao kwa watu wa Iskanderia.

Maktaba kongwe ya Iskanderia, nchini Misri, iliasisiwa katika karne ya 3 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Husimuliwa kwamba meli zilizotia nanga zilichukuliwa vitabu vyake, vikanakiliwa, na wenyewe wakarudishiwa nakala. Msimamizi wake mmoja, Eratosthenes, alikadiria mzingo wa dunia kwa kupima kivuli cha jua.

Ni nini kilichoiua? Wengi hutaja moto wa vita vya Julius Caesar, mwaka 48 kabla ya Isa. Wapo pia waliomtuhumu Sayyidna Umar (r.a.), lakini kisa hicho kiliandikwa zaidi ya miaka 500 baadaye, na wanahistoria wengi wamekikataa. Lenye mazingatio zaidi ni kwamba maktaba ilianza kudhoofika kabla ya moto wowote: mwaka 145 kabla ya Isa, mfalme Ptolemy wa Nane aliwafukuza wanazuoni. Vitabu vilibaki, wasomaji wakaondoka.

Mwaka 2002 Misri, kwa msaada wa UNESCO na mataifa mengi, ilifungua maktaba mpya karibu na ilipokuwa ile ya kale. Ukumbi wake huchukua wasomaji wapatao 2,000. Misukosuko ya mwaka 2011 ilipozuka, vijana walishikana mikono wakaizunguka ili isiporwe. Hapo ndipo maktaba ilipofufuka kweli, kwa kupata watu wa kuitetea.

Kwetu Pwani, Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh, umehifadhi miswada ya tangu karne ya 19: fiqhi, nahau, mashairi, mengine kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Unyevu na wadudu vilikuwa vikiila. Kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, miswada hiyo ilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, nayo yenyewe ikabaki Lamu. Ni vyema ilibaki, kwa kuwa Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliishambulia Maktaba ya Uingereza, na huduma zake nyingi zikazimika kwa miezi. Nakala ni amana, lakini asili haina badala.

Basi, ndugu yangu wa Uriri, na wewe wa Mombasa, fungua sanduku la wazee wako. Viinue vitabu kutoka sakafuni, mbali na mchwa na unyevu. Andika kwenye karatasi ya kando jina la aliyekuwa navyo. Vipige picha kwa simu, na nakala uziweke katika nyumba mbili. Kisha fanya lile ambalo Iskanderia ya kale ililikosa: mketishe mtoto kando yako, umsomee.