Kipimo Kwanza, Kompyuta Baadaye

Mpelekee fundi wa mashine ya kukereza chuma picha nzuri ya ekseli, iliyotiwa rangi na mng'ao, naye atauliza: kipenyo milimita ngapi, na nikikosea, mwisho wangu ni wapi? Maswali hayo mawili ndiyo yanayotenganisha picha na mchoro wa kihandisi. Ndiyo pia yanayowatoa jasho wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wawe wameinamia ubao wenye rula ya T au wamekaa mbele ya kompyuta.

Kazi ya kwanza ni kujifunza kuona. Kitu chenye urefu, upana na kina hulazwa kwenye karatasi bapa kwa kutazamwa mara tatu: kwa mbele, kwa juu na kwa ubavuni. Ukingo unaoonekana huchorwa kwa mstari mnene, uliojificha kwa vistari vilivyokatikakatika. Mfaransa Gaspard Monge ndiye aliyeziwekea mbinu hizi msingi wa kihesabu katika karne ya 18, akiwa kwenye shule ya kijeshi ya Mézières. Zilirahisisha mno usanifu wa ngome, hata jeshi likazifanya siri. Kitabu chake kuhusu somo hilo kilitoka mwaka 1799.

Mpangilio wa mitazamo nao una mtego wake. Kwa mtindo wa Ulaya, mtazamo wa juu huwekwa chini ya ule wa mbele. Kwa mtindo wa Marekani, huwekwa juu yake. Anayeichanganya mitindo hiyo anaweza kutoboa tundu upande usio wake. Kwa sababu hiyo karatasi huwekwa alama ndogo ya koni iliyokatwa kichwa, inayoonyesha mtindo uliotumika.

Kompyuta iliingia mwaka 1963, pale Ivan Sutherland wa chuo cha MIT, Marekani, alipoonyesha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga. Mwaka 1982 ikaja AutoCAD, iliyotumika kwenye kompyuta ndogo za mezani.

Programu za leo zimekwenda mbali zaidi. Katika FreeCAD, ambayo hupatikana bure, mwanafunzi huchora mstatili ovyoovyo tu, kisha huupa masharti: mstari huu uwe wima, ile miwili ilingane, tundu liwe milimita 15 kutoka ukingoni. Sharti la mwisho likiingia, mchoro wote hugeuka kijani, yaani hakuna tena mstari unaoweza kusogea. Baada ya hapo umbo huvutwa lipate unene, na ile mitazamo mitatu hutolewa na programu yenyewe. Ukibadilisha unene kutoka milimita 8 hadi 10, kila mtazamo hujirekebisha.

Hapo ndipo wengi hujisahau. Chukua ekseli ya milimita 20 inayotakiwa kuzunguka ndani ya tundu bila kulegea. Kwa kanuni moja ya kimataifa inayotumika sana, tundu linaruhusiwa kuwa kati ya milimita 20.000 na 20.021, na ekseli kati ya 19.980 na 19.993. Programu huchora vyote viwili vikiwa 20 kamili bila kulalamika. Karakana ikivitengeneza hivyo, ekseli haitazunguka itakiwavyo. Kuchagua mwachano huo ni kazi ya mhandisi.

Hata makampuni makubwa yameonja machungu ya kuiamini programu kupita kiasi. Ndege ya Airbus A380, yenye nyaya za umeme za takriban kilomita 530, ilichelewa sana baada ya wahandisi wa Ujerumani na Ufaransa kutumia matoleo tofauti ya programu moja, CATIA. Mafurushi ya nyaya yalipofika Toulouse, Ufaransa, kufungwa, baadhi yalikuwa mafupi kuliko njia yaliyopaswa kupita.

Walimu wengi kwa hiyo huanzia kwenye penseli, kisha huhamia kwenye kompyuta. Lipo zoezi jepesi ambalo wanafunzi wawili wanaweza kulifanya wenyewe. Mmoja hupima kitu halisi, tuseme kiungo cha bomba, akakichora kwenye karatasi na kuandika vipimo vyote, kisha naye akakijenga kwenye programu. Mwenzake, bila kukiona, hukijenga kwenye programu kwa kufuata karatasi ile peke yake. Kwa kuwa programu hukokotoa ujazo, huulinganisha na ujazo wa umbo la yule wa kwanza. Tarakimu zikipishana, hurudi kwenye karatasi kutafuta kipimo kilichosahaulika.