Tathmini ya Mazingira Kabla ya Ujenzi wa Barabara: Nafasi ya Mwananchi

Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kilometa zipatazo 66, ilijengwa kwa kiwango cha lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Inateremka kutoka milima ya Umatengo hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa. Wengi huyakumbuka magreda na malori ya kifusi. Hata hivyo, mradi wa aina hii huanza mapema zaidi, kwa tathmini ya athari kwa mazingira.

Tathmini hiyo ni takwa la Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mwenye mradi, ambaye kwa barabara kuu na za mkoa ni Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), husajili mradi kwenye Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Wataalamu waliosajiliwa huainisha mambo ya kuchunguzwa, hupita vijijini kukusanya maoni, kisha huandika ripoti pamoja na mpango wa usimamizi wa mazingira. Ripoti hupitiwa na kamati ya wataalamu, na mradi ukikubalika hupewa cheti cha mazingira chenye masharti.

Umuhimu wa hatua hizo unaonekana wazi katika nchi ya miteremko. Kwa vizazi vingi Wamatengo wamelima kwa ngoro, yaani mashimo yaliyozungushiwa matuta, yanayozuia maji ya mvua yasichukue udongo. Barabara hukusanya maji ya mlima mzima kwenye mitaro na kuyatoa mahali pamoja. Kalvati likielekezwa vibaya, maji hayo hubomoa ngoro na kung'oa mibuni. Udongo nao huishia mtoni na hatimaye ziwani, kwenye mazalia ya samaki ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Mtaalamu anayepita kiangazi hawezi kuyaona maji ya masika. Mkulima wa hapo anajua yanakopita.

Suala jingine ni mali. Kanuni zilizotokana na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 zilipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ndiyo asili ya alama mbili za X zilizozoeleka nchini: ya kijani kwa aliyefuatwa na barabara, ambaye hustahili fidia, na nyekundu kwa aliyeifuata barabara, ambaye hana haki hiyo. Fidia huhusisha thamani ya ardhi, nyumba na mazao ya kudumu, pamoja na posho ya usumbufu. Mwananchi anapaswa kuwapo wakati wa uthamini, kuhakikisha kila mbuni na kila jengo limeandikwa, na kusaini fomu baada tu ya kuisoma au kusomewa.

Katika mkutano wa kijiji, yafaa yasemwe mambo mahususi: chemchemi inayotegemewa, makaburi ya ukoo, njia ya watoto kwenda shule, na mahali ambapo kifusi kitachimbwa. Malalamiko ya jumla ni vigumu kugeuzwa kuwa sharti la ujenzi, lakini chemchemi iliyotajwa na kuonyeshwa huweza kuchorwa kwenye ramani. Ni vyema wanawake, ambao ndio wachotaji maji, wasikike wenyewe.

Kazi haiishii kwenye cheti. Mkandarasi anafungwa na mpango wa usimamizi wa mazingira: kumwagia maji barabara ili kupunguza vumbi, kufukia mashimo ya kifusi na kupanda nyasi kwenye kingo. Mwananchi akiona masharti yanakiukwa, atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au kwa ofisa mazingira wa halmashauri, akitaja mahali na tarehe.

Kurekebisha mchoro wa kalvati ni kazi ya siku chache. Udongo uliokwisha kufika ziwani haurudi mlimani.