Bei ya bolti yenye herufi F

Katika malori yanayopita Iguguno, mkoani Singida, kuelekea Nzega, na kutoka huko Mwanza, Rwanda au Burundi, huoni hata moja lililotengenezwa kwa ajili ya Vita ya Pili ya Dunia. Unaona Scania, Fuso na Howo, na kwenye gereji za kando ya lami swali ni lile lile: spea hii ni jenyuini au feki? Dereva anayejua kwamba mbele yake kuna mteremko wa Sekenke haulizi kwa udadisi.

Lipo soko la mbali ambako swali hilo ndilo linalopanga bei ya kila kitu. Ni soko la malori ya kijeshi ya miaka ya 1940, na wateja wake wengi wako Uingereza, Uholanzi, Ufaransa, Marekani na Australia. Hununua lori lililoozea shambani, wakalirudisha lilivyotoka kiwandani, na kila Juni baadhi yao huyaendesha hadi Normandy kuadhimisha siku majeshi yalipotua mwaka 1944. Kwao spea inayofanya kazi haitoshi. Wanataka ya kiwanda kile kile, ya mwaka ule ule.

Chukua Jeep. Willys na Ford walitengeneza zaidi ya 600,000 wakati wa vita kwa mchoro mmoja, makusudi, ili spea ya huyu iingie kwenye gari la yule. Kikazi ni gari moja. Kisoko ni mawili. Ford walipiga herufi F kwenye vifaa vyao vingi, hadi vichwa vya bolti, na mnunuzi wa Ford GPW, yaani Jeep ya Ford, anataka kuiona. Hata fremu ina ushahidi wake: mhimili wa mbele wa Willys ni bomba la duara, wa Ford una umbo la U lililopinduliwa. Muuzaji asiyejua hayo atauza bolti ya Ford kwa bei ya bolti yoyote, na anayejua atainunua kwake bila kusema neno.

Mtego wa lori la GMC CCKW la tani mbili na nusu ni mkubwa zaidi. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000, na yalitoka na ekseli za aina mbili, za Timken na za GM wenyewe. Spea za difu za aina moja haziingii kwenye nyingine. Bodi nazo zilianza kwa chuma, baadaye zikawa za mbao kwa sababu chuma kilihitajika kwingine. Mteja akikuandikia kwamba anatafuta difu ya GMC ya vita, mrudishie swali kwanza, bei baadaye.

Utafiti huanzia kwenye vibati vya dashibodi. Kwenye magari ya Marekani vibati hivyo huonyesha modeli, namba na tarehe ambayo gari lilikabidhiwa jeshini. Inafuata namba ya chasisi, kisha namba zilizotokeza kwenye chuma chenyewe tangu kilipomiminwa. Hapo sasa ndipo vitabu vinapofunguliwa. Jeshi la Marekani liliandaa orodha ya spea kwa kila aina ya gari: G-503 kwa Jeep, G-508 kwa GMC. Humo kila nati ina namba yake, mchoro wake na idadi inayotakiwa. Waingereza waliyapa malori yao namba za usajili zinazoanza na L, na kumbukumbu zilizosalia hutafutwa kwenye makumbusho kama lile la vifaru la Bovington. Mtu mwenye nakala ya orodha hizo na subira ya kuzisoma anaweza kufanya biashara hii bila kumiliki hata lori moja.

Tanganyika ililipia somo la spea kabla soko hili halijazaliwa. Mwaka 1947 mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulianza kufyeka pori la Kongwa, kwa majirani zetu wa Dodoma. Matrekta mapya hayakupatikana kwa urahisi wakati huo, kwa hiyo yakanunuliwa mabaki ya vita, mengine kutoka Ufilipino. Vifaru vya Sherman vikavuliwa mizinga na kugeuzwa matrekta na kampuni ya Vickers, yakaitwa Shervick. Kabla mwaka haujaisha sehemu kubwa ya mitambo ilikuwa imelala. Mpango ulifutwa mwaka 1951 ukiwa umekula kama pauni milioni 36. Wachumi hulaumu mvua, udongo mgumu na haraka ya wanasiasa wa London, na wana haki. Mimi ningeanza na stoo. Ukinunua mitambo ya jeshi iliyochakaa bila kujua spea zake ziko wapi, umenunua chuma kwa bei ya mtambo.

Je, chuma cha zama hizo kiko wapi leo? Kinachokaa yadi miaka 70 kwa kawaida huishia kwenye mizani ya skrepa, na mizani haina habari na tarehe. Giaboksi ya mwaka 1943 na ya mwaka 1993 hulipiwa kwa kilo zile zile. Hapa ndipo fedha inapopotea, na inapotea kwa sababu aliyeshika gesi ya kukatia hakuambiwa atazame nini.

Malori machache yaliyookoka yaliokolewa na mafundi, na mafundi wetu hawakuwa wakihifadhi historia. Walitaka gari litembee. Injini ya petroli ikila mafuta kupita kiasi hung'olewa, ikafungwa ya dizeli. Kabureta hubadilishwa kwa iliyopo. Springi huongezwa majani ili mzigo uongezeke. Ni ufundi wa hali ya juu, na mteja wa Ulaya akiuona hupunguza bei papo hapo. Sioni sababu ya kuuonea aibu. Ila mwenye lori ajue kwamba ile injini ya zamani iliyotupwa nyuma ya nyumba huenda ina wateja wengi kuliko lori lenyewe.

Masoko yetu ya spea yana mtindo wake: fundi hukupa kifaa kilichokufa, unakwenda nacho kama sampo. Mtindo huo unafanya kazi Gerezani, Dar es Salaam, kama unavyofanya kazi Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala. Muuzaji anatazama, anapima kwa jicho, anachomoa kinachofanana. Kwa Fuso inatosha. Kwa lori la mwaka 1943 vifaa viwili vinaweza kufanana hadi kwenye nyuzi za bolti na bado kimoja kikawa si chenyewe. Jeep zilizoundwa Ufaransa baada ya vita na Hotchkiss, na zile za Mahindra za India, zimejaza soko spea za namna hiyo. Zinaingia na zinafanya kazi, lakini anayetafuta gari la vita atazikataa.

Afrika Mashariki ina nafasi nzuri zaidi kwa malori ya Bedford ya Uingereza. Injini yake ya silinda sita ya sentimita za ujazo 3,519, iliyoendesha Bedford QL ya vita, iliendelea kufungwa kwenye malori ya kiraia ya kampuni hiyo baada ya amani. Gasketi au ringi iliyoletwa Tanganyika kwa ajili ya lori la pamba la miaka ya 1950 yaweza kulifaa lori la jeshi la mwaka 1942. Spea ya namna hiyo, ikiwa bado kwenye karatasi yake ya nta na grisi haijaguswa, ndiyo inayotafutwa kuliko zote. Ningeitafuta kwenye maduka ya zamani ya spea ya Singida mjini, Dodoma na Tabora, kwenye rafu za juu, kabla ya kwenda kwenye skrepa.

Wapo pia wanaotengeneza upya. Bodi za Jeep zinafyatuliwa hadi leo Ufilipino, na kwa vifaa vidogo kama bushi na breketi za chuma, karakana za hapa zingeweza kujaribu. Kituo cha Nyumbu huko Kibaha kimekuwa kikishughulikia teknolojia ya magari tangu mwaka 1985. Sharti ni moja: kopi iuzwe kama kopi. Ikipigwa herufi F na kupakwa kutu ili ionekane ya vita, hiyo ni feki kama liningi bandia ya breki.

Kwa mtu wa Iguguno hesabu ya usafiri ndiyo inayoamua. Ekseli itakula faida yote kabla haijafika bandarini. Geji ya dashibodi, kabureta, taa ya mbele au switchi yenye namba inayosomeka huingia kwenye boksi dogo na kwenda kwa posta, na kazi ya kuiuza huanza kwa picha mbili za simu: moja ya kifaa chote, nyingine ya namba, zikipigwa kabla ya kusugua kutu.